Malalamiko Dhidi ya Roda Isiyosema

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Gati la Mashua Ndogo

Ndugu Mwenyekiti,

Kuhusu: Roda mpya ya nanga iliyofungwa omoni mwa mashua yetu, na madhara yake kwa familia, kwa amani ya ghuba na kwa suruali yako

Salamu kwanza. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ngazi ya nyuma ya mashua yako imeshanyooshwa.

Nimepokea barua yako ya Alhamisi, ile yenye mihuri miwili, inayonitaka nijieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini nisizuiwe moja kwa moja kutoa mashua yetu gatini, baada ya kukugonga mchana kweupe ukiwa umekaa unakunywa chai. Nimeisoma mara tatu. Ni barua nzuri. Neno "uzembe" limetumika mara nne na kila mara limekaa mahali pake. Nimeiweka kwenye droo ya nyaraka muhimu, pamoja na cheti cha ndoa.

Basi najieleza. Lakini kwa kuwa mkosaji si mimi, utaniwia radhi nikigeuza maelezo yangu kuwa malalamiko. Mkosaji ni roda.

Wewe ni mtu wa maji, huhitaji kufundishwa roda ni nini. Katibu wako ndiye mgeni wa mambo haya, na najua ataisoma barua hii kabla yako, kwa hiyo nimweleze yeye. Ndugu Katibu, roda ni kile kigurudumu kilichokaa kwenye ncha ya omo, mbele kabisa ya mashua, ambacho mnyororo wa nanga hupita juu yake ukishuka majini na ukipanda. Ni kitu kidogo, kinajaa viganja viwili. Lakini roda ikiwa mbovu, mnyororo utakula mbao au utakula vidole, kimojawapo kitakachokuwa karibu.

Roda yetu ya zamani ilikuwa gurudumu la kitanda cha hospitali. Marehemu mume wangu alifanya kazi ya kutengeneza vitanda na viti vya wagonjwa, katika karakana ile ya chini iliyopakana na chumba cha kufulia mashuka, mpaka akastaafu. Kuna kitanda kiliburutwa kwenye ujia mrefu breki ikiwa imekaza, gurudumu lake moja likasagika upande likawa na bapa. Kwa kitanda cha hospitali bapa ni ugonjwa. Mtu aliyetoka kupasuliwa hataki kurushwarushwa. Likatupwa. Marehemu akaliomba, akapewa, akalichonga mfuo katikati kwa tupa ili mnyororo ukae, akalifunga omoni kwa bolti na vipande viwili vya bati nene. Lilikaa pale miaka kumi na tisa.

Kwa sababu ya lile bapa, kila lilipomaliza mzunguko liligonga: ngo. Na kwa kuwa ekseli yake haikuwahi kupatana na grisi, kabla ya kugonga lililia kidogo: kwii. Kwii-ngo, kwii-ngo. Marehemu alikuwa akisema roda yetu ina adabu kuliko majirani zake, maana haitii kitu majini bila kubisha hodi.

Mimi ni mshona sare za shule. Kuhesabu ni kazi yangu: vifungo, rinda, watoto wa darasa zima na mabega yao yasiyolingana. Tulipoanza kutoka na mashua niligundua kwamba ngo hamsini ni mita ishirini za mnyororo, na mita ishirini ndizo zinazotosha kwenye ghuba yetu. Tukawa na utaratibu. Yeye omoni, anauachia mnyororo pole pole kwa mikono, ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo. Mimi tezini, huku nyuma, mkono kwenye usukani, nahesabu. Upepo unaturudisha nyuma. Ngo ya hamsini, yeye anakaza, mimi natia rivasi kidogo, nanga inauma chini, kazi imekwisha. Hakuna aliyefungua mdomo. Kisha anaachia ngo moja zaidi, ya hamsini na moja, anageuka kunitazama na kusema, "Hiyo ya kwako."

Wewe ni shahidi, Mwenyekiti, jinsi wenzetu wanavyotia nanga. "Achia!" "Nimeachia!" "Nimesema kaza!" "Ulisema achia!" "Aliyesema achia ni mama yako!" Jumamosi mchana ghuba nzima inajua ndoa ya nani imefikia wapi. Sisi kwa miaka kumi na tisa hatukupayukiana kutoka omo hadi tezi hata mara moja. Tuligombana kama watu wazima, ndani, baada ya kula.

Marehemu alitutoka mwezi wa pili. Ulikuja, ukakaa nyuma, na watu walipoondoka ulibaki kukunja viti. Sijasahau, na yote nitakayosema hapa chini yahesabiwe baada ya hilo.

Mwezi wa nne kamati yako ikabandika tangazo kwenye ubao, kati ya zamu za mlinzi na picha ya paka aliyepotea: "Wenye mashua wote wanashauriwa kuboresha roda za nanga zilizochakaa." Wiki mbili baadaye nikaja gatini na ndoo yangu ya kusafishia, nikakuta kitu kinameta omoni. Roda ya zamani haipo. Mahali pake pamewekwa fremu ya chuma kisichoshika kutu, mashavu marefu pande zote mbili, gurudumu jeusi laini kama sabuni, na pini ya kufungia nanga. Nikamfuata fundi wa kuchomelea kwenye karakana yake.

"Fundi, nani kakutuma?"

Akaangalia viatu vyake. "Mama, we itumie tu. Ni zawadi."

"Zawadi ya nani?"

Akasema kuna kazi inamsubiri. Mwenyekiti, mimi nimepima watu miguu na mabega miaka thelathini. Mtu anayeangalia viatu vyake akiulizwa swali ametumwa na ofisi. Nikajua ni kamati, imetekeleza tangazo lake juu ya mashua ya mjane ili takwimu zipendeze kwenye mkutano wa mwaka. Kwa msingi huo nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Roda hii haisemi. Mnyororo unapita juu yake kama maziwa yanavyomiminwa kwenye kikombe. Nimesimama omoni nikausukuma mbele na nyuma kwa mkono, nikatega sikio kama daktari, sikusikia kitu. Nimeambiwa na watu wenye uzoefu kwamba hiyo ndiyo sifa yake. Sawa. Lakini kama kunyamaza ndiko usalama, naomba kamati isiishie kwangu. Iondoeni kengele ya gati. Iondoeni honi ya mashua ya doria. Na wewe mwenyewe, Mwenyekiti, kile kikohozi chako kabla ya kusoma ajenda, kinachotusaidia wote kuacha mazungumzo na kukaa, nacho kiboreshwe.

2. Roda hii haiumi. Ile ya zamani ilimng'oa marehemu kucha ya kidole gumba mara mbili, na mara ya pili alifurahi kwa sababu, alisema, kucha ilikuwa imeota vibaya. Mawimbi yakiinuka mnyororo uliruka nje ya mfuo. Yeye alilala kifudifudi kwenye sitaha, kichwa na mikono nje ya omo, akiurudisha kwa bisibisi, na mimi nilimshika miguu. Alikuwa na soksi za kijani zenye tundu kwenye kisigino cha kushoto. Nilizishona kila zilipofumuka, nazo zilifumuka kila niliposhona. Sasa mashavu ya roda mpya ni marefu, mnyororo hauruki hata mawimbi yakija mawili mawili. Sanduku letu la huduma ya kwanza halijafunguliwa tangu mwezi wa nne, plasta zinakauka gundi. Nauliza kamati, kwa heshima: sasa nimshike nani miguu?

3. Pini. Zamani nanga ikishapanda ilifungwa kwa kitambaa cha sare: bluu ya shule ya msingi kwa matembezi ya karibu, khaki kwa safari ya kulala huko huko. Lilikuwa fundo la kufungua kwa meno. Sasa nanga inapanda, inajilaza yenyewe mahali pake kama mtoto aliyeshiba, kisha unasukuma pini kwa kidole kimoja, tak, imefungwa. Wahenga waliosema kidole kimoja hakivunji chawa hawakuiona pini hii. Vidole vyangu vina baridi yabisi, mnajua, na sasa vinaweza kufunga na kufungua nanga bila kumwita mtu. Hakuna aliyeviuliza kama vilitaka uhuru huo.

4. Inameta. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Watu wanapita gatini, wanasimama mbele ya mashua yetu, wanaisalimu roda kwanza, mimi baadaye. Mwenye ile mashua ndefu nyeupe alinijia akaniambia, "Dada, roda yako imenitoa udenda." Miaka kumi na tisa nimepaka mashua hii rangi ya kijani kila msimu, nimeshona mito yake, mapazia yake na tanga lake la mbele, hakuna aliyetokwa na udenda.

5. Sasa nifike kwenye tukio lenyewe, Jumamosi ya tarehe 30, ambalo barua yako inaliita "tendo la kugonga kwa makusudi au kwa uzembe." Halikuwa lolote kati ya hayo mawili. Lilikuwa tendo la kusikiliza.

Tulitoka watatu: mimi, binti yangu, na wifi yangu, dada yake marehemu, aliyekuja na kofia na mdomo wake. Binti yangu ni mwalimu wa hesabu. Nikampeleka omoni mahali pa baba yake. Kabla hatujafika ghubani nilimwomba, kwa kuwa roda haisemi, aisemee yeye. Kila nusu mita au pungufu kidogo, anavyoweza kukadiria, aseme ngo.

"Mama, mimi niseme ngo?"

"Ndiyo, mwanangu. Kwa sauti ya kawaida."

"Mbele ya watu wote hawa? Wengine nafundisha watoto wao."

Wifi alicheka mpaka kofia ikaanguka. Basi binti hakusema ngo, na mimi sikutaka kumlazimisha, kwa sababu alikuwa ameshika mnyororo kwa namna ile ya baba yake, kiwiko kimeegemea reli, na ilibidi niangalie kwingine. Akaanza kuachia. Upepo ukaanza kuturudisha nyuma. Nami nikainamisha kichwa, kama nilivyofanya miaka yote, nikaanza kungoja ngo ya kwanza.

Mwenyekiti, niliingoja.

Nilijua haitakuja. Hilo liandikwe. Kichwani nilijua kabisa. Lakini mkono wangu haujui, ulikuwa umelala juu ya rivasi ukisubiri kuambiwa. Binti naye alikuwa anasubiri mama aseme basi, maana mama ndiye mwenye mashua. Mimi nasubiri roda, yeye ananisubiri mimi, roda haimsubiri mtu. Ulipita mnyororo wa mita ishirini, ikapita thelathini. Nilisikia maji, nikasikia wifi akimenya chungwa, nikasikia, kwa mara ya kwanza tangu tuwe na mashua, kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Kisha nikasikia sauti yako: "Mama! Breki! Breki, mama!"

Mashua haina breki, Mwenyekiti, na hili unalijua kuliko mimi. Lakini sikulaumu. Mtu aliyekaa na chai hawezi kuchagua maneno. Wahenga walituonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya nilikisikia mimi, mshindo ukakufikia wewe, kwenye ngazi. Suruali yako ya kijivu iliyokuwa imeanikwa relini ikaingia majini ikiwa bado ina vibanio, na gazeti likaifuata. Suruali tuliiopoa kwa upondo. Nimeifua, nimeipiga pasi. Pindo la mguu wa kulia lilikuwa limefumuka tangu kabla ya ajali, nimelishona. Imefungwa pamoja na barua hii.

6. Roda hii imevuruga undugu. Tulipokuwa tunarudi gatini, wifi akanitazama akiwa bado ana maganda ya chungwa mkononi akasema, "Wifi, lile gurudumu si ndilo ulilokuwa ukilitukana kila Jumamosi? Leo limekuwa kinanda?" Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza, hiyo si kazi aliyozaliwa nayo. "Si wewe uliyekuwa ukimwambia kaka, 'Hilo likelele lako litanizika kabla yako'? Mbele yangu ulisema. Kila Jumamosi. Kaka wa watu anaweka mafuta ya kupikia, unasema bado. Anaweka sabuni, unasema bado." Mawifi wana kumbukumbu ya kesi, hawana kumbukumbu ya moyo. Ndiyo, nililisema gurudumu lile. Mtu husema kitu alichonacho. Hilo halina uhusiano wowote na malalamiko haya, na nimeliweka hapa kwa ukamilifu wa kumbukumbu tu, ili asije akakueleza yeye kwanza.

Baada ya kueleza hayo, naomba kamati ichukue hatua zifuatazo, kwa mpangilio huu:

Kwanza, roda yetu ya zamani itafutwe popote ilipo na irudishwe omoni, na hii mpya ipewe mtu mwenye bahati ya kutokuwa na chochote cha kusikiliza.

Ikishindikana, fundi aje na nyundo aigonge roda mpya upande mmoja mpaka ipate bapa. Nitamwonyesha wapi.

Hilo nalo likishindikana, kamati iajiri afisa wa kusimama omoni mwa mashua yetu kila tunapotia nanga, aseme ngo mara hamsini. Awe mtu mzima, asiyeona haya. Awe na msaidizi wa kushika nafasi yake akienda likizo, maana sisi tunatoka hata siku za mapumziko. Na asiseme ya hamsini na moja. Hiyo haimhusu.

Tangazo la ubaoni lirekebishwe lisomeke: "Wenye mashua wanashauriwa kuboresha roda zao, lakini si kabla ya kumuuliza aliyeachwa."

Na mwisho, ili yasije yakamkuta mwingine, naomba kamati ipige marufuku uboreshaji wa kitu chochote kinachopiga kelele ndani ya nyumba, mashua au ofisi ambayo mtu mmoja ameondoka: milango, viti, mabomba, feni, hata kitanda chenyewe. Mtu akitaka kutia mafuta bawaba, alete barua ya mlio, imetiwa saini na wote wanaoufahamu. Najua itakuwa kazi kubwa kwa Katibu. Lakini kamati iliyoweza kupata muhuri wa pili inaweza kupata na wa tatu.

Kuhusu kuzuiwa kutoa mashua, naomba sana usinizuie. Hapa sifanyi mzaha. Nyumbani nina redio, nina cherehani, nina jirani anayebisha hodi kwa sufuria. Lakini mahali ambapo bado tuko wawili ni pale ghubani, kwa dakika zile tano za kutia nanga. Ukinizuia hapo utakuwa umemzuia na yeye, na yeye hajamgonga mtu.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, mwambie kitambaa cha mapazia kimefika. Nisalimie Katibu, na mlinzi wa gati, na yule paka wa tangazo kama amepatikana. Nisalimie wajumbe wote wa kamati, hata yule anayesinzia, kwa sababu marehemu alimpenda.

Wako katika kujieleza,

Mshona sare,
mwenye mashua ya kijani

Nyongeza, Jumanne mchana.

Ndugu Mwenyekiti, tafadhali usiisome barua iliyo hapo juu. Kama umeshaisoma, naomba uiboreshe kwa kuichana.

Si tabia yangu kumsema mtu kisogoni, na kwa kuwa nimemtaja fundi kwa viatu vyake, leo asubuhi niliipitisha barua kwake aisome kabla sijaileta ofisini. Kabla sijafika mlangoni nikasikia, ndani ya karakana: kwii-ngo. Nikasimama. Kwii-ngo, kwii-ngo. Mtoto wa shule aliyekuwa anapita alinisalimu, sikumjibu. Nimwombe radhi hapa, amevaa sare niliyoshona mwenyewe. Nilipoingia nikamkuta fundi anasukuma mtungi wake wa gesi juu ya kigari cha magurudumu matatu. Mawili mapya, na moja ni letu.

"Lilikuwa bado zima, mama," alisema. "Sikuweza kulitupa."

Nikampa barua. Aliisoma akiwa amesimama, yote, akisogeza midomo. Alipofika kwenye afisa wa kusema ngo alicheka kwa pua, kisha akaacha. Alipomaliza akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kwenye droo ya misumari, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni fomu ya hospitali ya kuombea vipuri vya vitanda, zile marehemu alizokuja nazo nyumbani alipostaafu tukawa tunaandikia mahitaji ya dukani. Nyuma yake kumechorwa roda. Fremu, mashavu marefu, gurudumu, pini, na vipimo vyote kwa ile penseli yake ya seremala. Tarehe ni ya mwezi wa kwanza, siku nne kabla hajalazwa. Chini ameandika, nami nakunakilia kama ilivyo:

"Mashavu yawe marefu, mnyororo usiruke, hatakuwa na mtu wa kumshika miguu. Pini ifunguke kwa kidole kimoja, vidole vyake vinauma. Muhimu: ISILIE. Mama watoto amelalamika miaka kumi na tisa, anavumilia kwa ajili yangu. Usimwambie ni mimi, atasema ya zamani inatosha."

"Nimekuwa nikitaka kukwambia, mama," fundi alisema, "lakini alinikataza, na siwezi kumrudia kumuuliza tena." Akaangalia viatu vyake. Safari hii nami niliviangalia.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, kamati haina kosa. Tangazo lenu lilikuwa karatasi tu kama matangazo yote. Fundi hana kosa. Wifi, na hili linaniuma kuliko yote, alisema kweli, na nitamwambia mwenyewe kabla hajapata habari kwa wengine. Maishani mwangu nimelalamikia mambo mengi: mvua, bei ya uzi, kamati yako. Ni lalamiko moja tu lililowahi kusikilizwa mpaka mwisho na kushughulikiwa kikamilifu, na ndilo lile ambalo halikuwa kweli. Nililipenda likelele lile. Sikumwambia. Nilidhani mtu aliyeishi nami miaka yote hiyo anajua nikisema litanizika maana yake nini.

Roda mpya ibaki ilipo. Isiguswe na nyundo. Ni nzuri sana. Ngazi yako ilikuwa kosa langu, na fundi ameahidi kuipitia leo hii. Alitaka kulifungua lile gurudumu la zamani anirudishie, nikamwambia aliache pale pale. Gurudumu ni la kuzunguka. Karakana iko njiani nikienda kushona, nitakuwa nalisikia nikipita.

Tulipomaliza tuliuvuta mnyororo wote nje tukaupima kwenye gati, mita kwa mita. Binti alikuja wakati wa mapumziko akasaidia kuhesabu. Nimefunga kitambaa cha bluu kwenye mita ya kumi na cha khaki kwenye ya ishirini, kwa fundo la meno. Atakayekuwa omoni ataona, hata kama ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo sababu ya kunizuia haipo tena, ukiondoa ile ya tarehe 30.

Jumamosi, ukipenda, nitatoka peke yangu na kutia nanga mbele yako, kwa umbali wa heshima. Lete chai yako. Suruali anika upande wa pili.

Na ukinisikia pale tezini nahesabu kwa sauti, ingawa vitambaa vipo na hakuna haja, na nikifika hamsini nikaongeza moja, usiniandikie barua. Kumbuka tu, hiyo ya kwake.